Jina Langu Kwenye Kila Anwani

Jumatatu, 8 Machi 1999
Daktari alinipa hadi Februari. Bado napumua. Aibu! Kwetu mtoto hapewi jina la babu aliye hai, na Akeyo, mke wa mwanangu Timothy, anajifungua wiki hii. Baba yake Akeyo, Dalmas, amekuja kutoka Silanga na samaki na jina: Ogola, marehemu babake. Akaniuliza, mkwe, kumbe bado uko? Nikakohoa kwa heshima.

Jumanne, 9 Machi
Nimepata njia ya kumshawishi Akeyo! Hapa nyumbani Kabiro tuna kompyuta mbili, waya mmoja. Kompyuta haijui majina ya tovuti. Huuliza mashine nyingine iitafutie nambari, kama watu walivyoniuliza mimi nilipokuwa opereta wa simu. Nimebadilisha mashine ya kuulizwa. Sasa ni yangu! Kila jina la tovuti nimelielekeza kwenye ukurasa mmoja, wenye jina langu: "Wekulo. Jina la watu wenye akili."

Jumatano, 10 Machi
Akeyo alitafuta habari za uchungu wa uzazi. Wekulo. Hali ya hewa. Wekulo. Alicheka hadi akashika tumbo, akasema, Mzee, si ungekufa tu kama wengine? Utani, nadhani. Nimemwomba asimwambie Timothy. Amekubali.

Alhamisi, 11 Machi
Timothy alikuwa na hadi saa sita kutuma ombi la kazi kwa barua pepe. Haikwenda; hata jina la mashine ya barua lilikuwa linaelekezwa kwenye ukurasa wangu. Alichomoa waya, akachomeka, akapiga meza. Nilikaa kando yake, uji mkononi. Neno moja lingetosha. Lakini Akeyo alikuwa kliniki, angerudi jioni, na nilitaka auone ukurasa mara moja tena. Saa saba Timothy akazima. Miezi minane bila kazi.

Ijumaa, 12 Machi
Mvulana! Ogola.
Nimekiri yote kwa Timothy. Akasema, baba, tulikuwa tumekubaliana na Akeyo tumpe jina lako, mila tungeiwaza baadaye. Sasa siwezi kuliita kila siku.

Jumamosi, 13 Machi
Timothy amenisamehe. Tumerudisha mashine ya kuulizwa ya zamani pamoja, mkono wake juu ya wangu. Nimelia. Moyo mweupe. Niko tayari kwenda.
Alasiri amekwenda kuwachukua Akeyo na mtoto. Nyumba kimya. Kompyuta ameiacha ikiwaka.
Nimebadilisha tena. Sasa kila jina linaleta: "Ogola alikuwa mwizi wa kuku."