Mti Uliopandwa na Ndege

Ofisi ya Usimamizi wa Bustani ya Wingu Lililokaa, hapa Suzhou, ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kuanzia mwezi wa tatu hakuna mmea wowote utakaoruhusiwa kuota juu ya mlima wa mawe bila kibali cha maandishi.

Tangazo hilo niliandika mimi, Qiu Delin, Naibu Mkuu wa Kitengo cha Mimea ya Mawe. Nililisoma mara tatu kabla ya kulibandika langoni, na mara zote tatu lilinisisimua. Kitengo chetu kilikuwa na watu wawili: mimi, naibu wa mkuu ambaye kwa miaka tisa alikuwa hajateuliwa, na Fundi Pang, ambaye alikuwa akifanya kazi.

Mlima wenyewe ni wa kutengenezwa. Watu wa kale waliupanga kwa mawe ya ziwani yenye matundu, kimo cha nyumba, ili mwenye bustani anywe chai akitazama milima bila kuchosha miguu. Kanuni yao ilikuwa moja: jiwe lionekane. Ndiyo maana mimea ni michache. Kuna msonobari mmoja uliopinda, mtambaa mmoja, na ule uoto laini wa kijani ambao Fundi Pang huulisha maji ya kuoshea mchele kila asubuhi.

Basi ukaja waraka kutoka mkoani: kila bustani iwe na kijani asilimia sabini, mawe yakiwemo. Nikapima mlima wetu kwa rula na moyo wa uzalendo. Nikapata kumi na mbili.

Mkurugenzi Xing alivua miwani. "Qiu, mkaguzi anakuja baada ya wiki tatu. Nikimwonyesha kumi na mbili, nimekwisha. Na siendi peke yangu."

"Nimekuelewa, Mkurugenzi."

"Ukifikisha sabini, hilo neno Naibu tunalifuta mlangoni kwako."

Nilirudi ofisini nikatafuta kitambaa cha kulifutia.

Kazi ilianza kwa usajili, maana huwezi kuongeza kitu ambacho hakina namba. Msonobari ukawa Namba Moja. Mtambaa ukawa Namba Mbili. Kila mmea ulijaziwa fomu: jina, kimo, tarehe ya kupandwa, sahihi ya mpandaji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye ufa mkubwa wa mbele, ambako kulikuwa na mforosadi. Ulikuwa na miaka thelathini na nane na ulinifika kiunoni tu, kwa sababu Fundi Pang aliukata ncha kila mwaka tangu alipokuwa mwanagenzi.

"Aliupanda nani?" nikauliza, kalamu tayari.

"Ndege," akasema Fundi Pang.

"Ndege gani?"

"Alikula forosadi huko alikokula, akaja kunya hapa. Hakuniachia jina, Mkuu."

"Fomu inataka sahihi."

"Sahihi yake si hii unayoitazama?"

Niliandika: mpandaji hajulikani, aliondoka bila kuaga. Mkurugenzi akairudisha fomu kwa wino mwekundu. Mmea usio na mpandaji ni mhamiaji haramu. Ung'olewe, na nafasi yake ipewe mtambaa wenye karatasi.

Fundi Pang aliisoma amri hiyo akiwa ameshika ndoo yake. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, na ulimi wake ni mrefu kuliko yeye, lakini siku hiyo alizungumza taratibu.

"Mkuu Qiu, mizizi ya mti huu ndiyo imelishika lile jiwe la juu. Chokaa ya kale ilishakwisha humo ndani. Ukiung'oa, jiwe linashuka."

"Una maandishi?"

"Nina macho."

"Macho hayana muhuri, Fundi."

Akaweka ndoo chini. "Huu mti nimeulea kuliko nilivyomlea mwanangu. Yeye alihamia Shenzhen, huu umebaki na mimi. Nastaafu mwezi wa tisa. Subirini basi niondoke, nisione."

Nilijisikia vibaya. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika nne hivi. Kisha nikatia sahihi.

Vibarua wawili wakaja na kamba. Mforosadi ulitoka, na jiwe likatoka nao. Hakuna aliyeumia, ila ubao wa kampeni yetu ya kijani, uliosimama chini yake, uligeuka vijiti. Mbele ya mlima pakabaki tundu refu kama mlango. Nilipima upya kijani, nikaona kimepanda hadi asilimia kumi na tatu, kwa kuwa jiwe limepungua. Nikampelekea Mkurugenzi habari hiyo njema, naye akanitupia kikombe.

"Panda nyasi!" akafoka.

Alimaanisha zile nyasi ambazo wasomi wa zamani walifungia vitabu. Kila mpanga mawe wa Suzhou anazijua. Akikosea kuunganisha jiwe na jiwe, huzipanda pale pale, zikatanda na kumfichia aibu. Tulipanda mashina mia tatu kwa siku moja. Zilipendeza, lakini ziliishia magotini.

Mkurugenzi alitafakari. "Kuanzia magotini kwenda juu," akasema, "tutasimama sisi."

Siku ya ukaguzi tulisimama bega kwa bega mbele ya tundu: Mkurugenzi, mimi, mhasibu na mlinzi wa lango, wote tumevaa jaketi za kijani zilizonunuliwa maalumu. Kwa hesabu zangu, tuliongeza asilimia sita. Mkaguzi Hua alifika kwa miguu, mama mnyamavu mwenye viatu vya kitambaa. Alizunguka bwawa, akatazama msonobari, akatutazama sisi.

"Mbona hamtembei nami?"

"Tunakuona vizuri kutoka hapa, Mheshimiwa," Mkurugenzi akajibu.

Mkaguzi akaja akachutama, akazipapasa nyasi. "Baba yangu alipanga mawe miaka arobaini," akasema. "Alikuwa akiniambia, ukiona nyasi hizi zimesongamana, chungulia nyuma yake, kuna fundi ameharibu."

Macho yake yakapanda kutoka kwenye nyasi, yakafika kwenye viatu vyetu, magoti yetu, vifungo vya jaketi.

"Na hizi ndefu," akauliza, "mlizipanda lini?"

Mkurugenzi Xing alisogea pembeni kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona ofisini. Mhasibu na mlinzi wakamfuata. Nikabaki peke yangu kuziba mlango mzima, mikono nimeitanua, natabasamu. Nilidumu hapo kama sekunde sita. Najivunia sekunde hizo mpaka leo, sijui kwa nini.

Nilipopisha, tuliona upande wa pili wa tundu. Fundi Pang alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakula tambi. Kando yake palikuwa na beseni la kufulia, na ndani ya beseni mforosadi, mizizi imefungwa gunia bichi. Ulikuwa na majani matatu.

"Aliupanda nani huu, Fundi?" Mkaguzi akauliza.

"Ndege, Mheshimiwa."

"Na nani aliung'oa?"

Fundi Pang akavuta tambi, akatafuna bila haraka. Sijawahi kumsubiri mtu ameze namna ile.

"Waulize wenye muhuri," akasema.

Mkurugenzi Xing amehamishiwa kwenye maegesho ya mabasi, ambako kijani ni asilimia sifuri na matumaini ni makubwa. Mforosadi umerudi ufani, na jiwe limewekewa viegemeo mpaka mizizi ilishike tena. Fundi Pang aliombwa aahirishe kustaafu miaka miwili, akakubali kwa masharti. Mimi ni mojawapo ya masharti. Neno Naibu limefutwa mlangoni kwangu kama nilivyoahidiwa. Neno Mkuu limefutwa pia. Asubuhi nabeba ndoo ya maji ya mchele, mchana bado nashika fomu na vibali.

"Qiu, mwaga polepole! Unaosha gari?"

"Samahani, Fundi."

Fomu ya mforosadi niliijaza upya kwa mkono wangu. Mpandaji: ndege. Sahihi: imeonekana.

Mwezi uliopita Fundi Pang aliomba kibali cha kupanda kitu kidogo kuzunguka ofisi ya usimamizi. Nilifurahi kwamba hatimaye anaheshimu utaratibu, nikampitishia maombi bila kuyasoma. Sasa ukuta wote umezungukwa na zile nyasi za vitabu, nene, mpaka kwenye kingo za madirisha. Wageni kutoka mbali hupiga picha na kutusifu. Wenyeji wa Suzhou huzitazama nyasi, kisha huinua macho dirishani, wakatutazama sisi.