Ufuo Wangu Usio na Watu

Jumatano, 26 Machi 1975

Mvua tangu alfajiri. Tope hadi magotini. Abiria hakuna hapa mpakani Busia. Wa Uganda wanaogopa kuvuka huku, wa huku wanaogopa kuvuka kule, na mimi Ekisa katikati ya vizuizi viwili na baiskeli yangu, naita boda, boda, boda mpaka sauti ikakauka. Miguu inaniwasha. Kukaa mahali pamoja siwezi. Mama yangu kule Chakol husema nilizaliwa njiani.

Basi nikatoroka. Mchuuzi wa nyavu alitaka kupelekwa Sio Port, nikampakia. Nilipomshusha sikurudi. Nikafuata njia ya ng'ombe, kutazama tu inaishia wapi.

Lo! Ziwa! Mchanga mweupe, safi, hauna hata alama ya kwato, hadi kwenye mawe kule mwisho. Mitumbwi imepinduliwa kifudifudi. Hakuna duka, hakuna redio, hakuna askari wa forodha. Wanaume watatu wamelala kivulini na kofia usoni. Mtu aliyekuwa macho ni mama mmoja tu, Adoyo, anashona wavu. Akaniambia nimewakuta wakati wa kupumzika. Baada ya wiki mbili hivi, akasema, watakuwa kazini wote.

Nilichekelea moyoni. Ikiwa wakipumzika pako kimya hivi, wakienda kazini si itakuwa jangwa? Sikumuuliza zaidi. Mtu akikupa habari nzuri, usimchokonoe.

Wazo liliniingia kabla sijafika lami. Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu unatafuta mahali pa matembezi ya Jumatatu ya Pasaka. Mwenyekiti ni Mama Eucabeth. Na Mama Eucabeth ni mama yake Roselida. Na Roselida ni... haya, tuyaache. Roselida anashona nguo kwenye baraza karibu na soko. Kila nikipita pale naangusha mnyororo wa baiskeli makusudi, niwe na sababu ya kuinama dakika chache.

Alhamisi, 27 Machi

Mkutano wa akina mama baada ya ibada. Nilijipenyeza. Paulinus naye yupo, bila shaka! Paulinus wa buchari, sauti nene ya kwaya, kifua mbele. Naye anamtaka Roselida, na mji mzima wa Busia unajua. Akasimama akapendekeza waende shambani kwa mjomba wake kule Matayos, achinje mbuzi. Mbuzi! Kila mwaka mbuzi.

Nikasimama mimi. Nikawaeleza juu ya mchanga, upepo, maji hadi macho yanapoishia, na kimya. Nikasema ni kimya cha bustani ya Edeni kabla ya nyoka. Akina mama wakapiga makofi. Mmoja akasema tangu azaliwe hajawahi kukaa mahali akasikia masikio yake mwenyewe.

Mama Eucabeth akasema sawa, ufuo umeshinda. Kisha akasema mwanamume anayeweza kutunza wanawake wa watu vizuri siku moja, huyo anaweza kuaminiwa na kitu kikubwa zaidi. Akaniangalia. Au alimwangalia Paulinus nyuma yangu. Lakini ilikuwa upande wetu.

Ndipo Paulinus akasema vizuri sana, mbuzi atamleta ufuoni. Tena atawafundisha vijana kuogelea, maana alikulia Sio Port. Yawa! Mimi maji yangu ni ya karai.

Jumamosi, 29 Machi

Nimezunguka siku mbili kama kuku anayetaka kutaga. Leo nimepata dawa. Omoding, dalali wa ng'ombe pale Malaba, rafiki yangu wa tangu utotoni, ameniambia kwamba Paulinus ataenda mnadani Kitale mwishoni mwa wiki ya pili ya Aprili. Atalala huko.

Nikakanyaga baiskeli mpaka kwa Mama Eucabeth bila kupumua. Nikamwambia nimesikia habari mbaya. Kwamba Jumatatu ya Pasaka walevi wa kutoka kila upande watashuka pale ufuoni na chang'aa na santuri. Aibu kwa Umoja. Afadhali Jumamosi tarehe 12 Aprili, wakati wenyeji wote wako kazini na mahali ni patupu. Uongo, ndiyo, lakini mdogo, na nia yake safi.

Roselida alikuwa hapo anapiga pasi. Akasema Jumatatu ana nafasi, tarehe 12 ana sare za shule za kumaliza, itabidi ajikaze. Akasema yeye hahitaji mengi. Anataka tu siku moja akae chini mahali ambapo hakuna mtu anayeita boda. Nilimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Akaguna, akarudi kwa pasi yake.

Mama Eucabeth amekubali. Ushindi!

Jumatatu, 31 Machi. Pasaka

Jua zuri ajabu. Hakuna wingu. Kila mtu amekaa nyumbani. Roselida alikuwa mlangoni kwao anasukwa nywele, uso umemnyong'onyea. Nimepita mara ya kwanza, mnyororo. Mara ya pili, mnyororo. Mara ya tatu ukaanguka wenyewe, haki ya Mungu, na nikaufuata mpaka mtaroni. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Kila kitu tayari. Nimewaambia akina mama wavae nguo nyeupe na viatu vya Jumapili, na wabebe mashuka ya kutandika mchangani. Lori la mahindi la kaka yake Mama Eucabeth litatubeba. Omoding ameniazima suruali yake nyeupe ya harusi. Hotuba nimeikariri. Nitamwonyesha Roselida lile jiwe la mwisho, tutaketi pale, na nitamwambia. Neno lenyewe sijalichagua.

Paulinus ameondoka asubuhi na pikapu ya mjomba wake, nyuma magunia matupu ya kuletea mahindi. Nikampungia mikono miwili. Akaniuliza mbona nina furaha hivyo. Nikasema ni hali ya hewa. Ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikinuka. Nimeoga mara mbili. Bure.

Tulifika asubuhi, akina mama wanaimba. Mimi mbele ya lori, nimesimama, mkono juu. Nikasema sasa fumbeni macho. Wakafumba. Lori likakata kona. Nikasema fumbueni.

Mchanga haukuwepo!

Ulikuwepo, lakini chini. Juu yake omena, wale dagaa wa ziwani. Omena kutoka majini hadi kwenye nyasi, omena hadi kwenye mawe, juu ya jiwe langu pia omena. Wanawake huku na huko wanaanika, wanageuza, wanatukanana, wanafukuza korongo. Korongo wenyewe wengi, wakubwa, hawana adabu. Na harufu! Wanaume wamekaa kando ya taa zao za karabai, macho mekundu, wanapiga kelele juu ya samaki gani ni wa nani. Sokoni Busia siku ya soko ni kanisani ukilinganisha.

Mama Eucabeth alishikilia shuka lake jeupe kifuani, akaniangalia.

Nikaruka chini kutafuta mahali patupu. Sikufika mbali. Kiatu kikateleza, nikaenda chini na suruali ya Omoding, nikaburuta omena wote walioanikwa na mtu. Mwenye omena akanijia na fagio. Alikuwa Adoyo! Nikamlilia kwamba yeye ndiye aliyeniambia watakuwa kazini. Akasema hii nayo ni nini, kama si kazi? Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Chakol. Aaah, akasema, mtu wa mihogo, samaki atawajulia wapi.

Kisha akanieleza polepole, akina mama wote wanasikiliza. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti omena, kwa hiyo wavuvi wanalala na ufuo unabaki mtupu. Giza likirudi wanavua usiku kucha, na kukipambazuka kila kitu kinaanikwa. Kila mtoto wa ziwani anajua. Akasema Jumatatu ya Pasaka hapakuwa na mtu hata mmoja. Mchanga mtupu kutwa, hata yeye alilala.

Mama Eucabeth akauliza, na walevi je? Adoyo akasema walevi gani?

Nilitazama viatu vyangu. Roselida pia alivitazama.

Wingu likaja. Jeusi, kutoka upande wa Uganda. Adoyo akapiga ukelele. Omena wakinyeshewa wanaoza, na kazi ya usiku mzima inakwenda. Kabla sijaelewa, akina mama wa Umoja walikuwa wamevua viatu. Mashuka meupe yakawa ya kuzolea. Mama Eucabeth amekunja gauni, anatoa amri, anaimba! Roselida anazoa kwa mikono miwili, nywele zimefumuka, anacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Nikamfuata nikamwomba tafadhali aje tuone jiwe. Akaniambia nishike pembe ya shuka. Nikasema jiwe liko karibu tu. Akampa mtu mwingine pembe.

Mtu mwenyewe alikuwa Paulinus. Ndiyo! Mnada umefungwa kwa karantini ya ng'ombe, akageuza, akatufuata moja kwa moja. Na pikapu. Na magunia matupu. Magunia! Hakuuliza kitu, alianza kujaza tu. Waliokoa karibu omena wote kabla tone la kwanza. Wenyeji wakatukaribisha vibandani, uji moto, na kila mama akapewa fungu la kupeleka nyumbani. Njia nzima ya kurudi waliimba. Mimi nilikaa mwisho wa lori peke yangu, kwa sababu ya harufu.

Jumapili, 13 Aprili

Roselida amenisubiri nje ya kanisa. Hakukasirika, na hiyo iliniogopesha zaidi. Akasema mama yake amechoka na wanaume wanaozunguka nyumba yake. Jumapili ijayo saa sita mchana anataka kusikia neno. Paulinus amekaribishwa chakula. Mimi pia. Atakayesema kwanza na kusema wazi, mama atampa sikio.

Halafu akanishika mkono wa shati. Akasema nisilete kitu. Nisilete gari la mtu wala suruali ya mtu wala hotuba. Nije mapema, kwa miguu, nikae chini, niseme namtaka. Akasema yeye jibu lake analo tayari, linangoja tu mtu alifuate. Macho yalimlowa kidogo. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Nimeelewa kabisa! Ananipenda! Nimeruka mtaro wa soko kwa baiskeli bila kuanguka.

Jumapili, 20 Aprili

Mapema, kwa miguu, mikono mitupu. Nililifikiria wiki nzima, sikutulia. Msichana akisema usilete kitu, maana yake ulete kidogo. Kwa hiyo nina mpango mmoja tu, mdogo. Omoding atakuja na gari la bosi wake kutoka Malaba, nyuma wapiga ngoma wanne na jogoo. Mimi nangoja hapa kwenye kona ya barabara ya kwao, niingie nao kwa kishindo. Mama Eucabeth akisikia ngoma atatoka mwenyewe mlangoni.

Mimi na Omoding tuliahidiana saa tano. Sasa saa sita imepita kidogo. Inasemekana kuna foleni ya malori pale Malaba. Si neno, kawia ufike. Mpango kamili ni bora kuliko haraka.

Paulinus amenipita sasa hivi. Kwa miguu, hana hata pikapu, mikono mitupu inaning'inia. Amenisalimu akaniuliza kama siendi ndani. Nikamwambia tangulia tu, ndugu yangu, nakuja. Akatangulia. Nimemwonea huruma kweli, maskini. Mtu mzima na hajui kujipanga.