Bustani ya Mvua ya Kijito cha Thimble Yazinduliwa Rasmi

(Kumbukumbu za Halmashauri ya Alder Fork. Msemaji ni Kamishna wa Ujenzi na Maji ya Mvua, Bw. Verlyn Ostrander. Mvua inanyesha tangu alfajiri. Anayeandika ni karani wa vikao, ambaye naye amelowa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti. Mheshimiwa Kaimu Makamu, ambaye sote tunajua anakaimu kwa moyo wote. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Majengo Rafiki kwa Samoni, pamoja na wajumbe wa kamati ndogo inayoichunguza kamati hiyo. Mgeni rasmi kutoka makao makuu ya jimbo, niliyemtambua mara moja kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja na mwavuli. Watu wa mto, ambao mababu zao walivua hapa kabla halmashauri haijazaliwa. Mke wangu Gudrun. Mabibi na mabwana. Na kama yupo ambaye sikumtaja, basi ajihesabu yumo, maana hotuba hii ni shirikishi. (Makofi. Bi. Gudrun Ostrander anaendelea kupiga baada ya wenzake kuacha.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wameniambia hawajapata kuuona kwa kiongozi mwingine yeyote wa ngazi yangu, kuzindua mradi ambao utaandikwa katika historia ya ujenzi endelevu, na kama hautaandikwa na wengine basi nitauandika mwenyewe, nikistaafu. (Kikohozi.)

Msiba wetu mnaujua. Mvua ya kwanza ya Oktoba ikishuka, samoni wa rangi ya fedha hutoka baharini na kuupanda huu Kijito cha Thimble, kwenda kutaga pale walipozaliwa. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayokosha vumbi la matairi kwenye lami zetu na kulitumbukiza kijitoni kupitia matundu ya mitaro, matundu ambayo ofisi yangu, bila kulala, imeyachorea picha ya samaki, kila tundu na samaki wake, jumla yake mia tatu na kumi na mawili, kwa rangi isiyofutika. Vumbi lile ni sumu. Samaki anapinduka ubavu, anazunguka kama mlevi, na kabla ya jioni amekufa na mayai yake tumboni. Bi. Rowena Charley, wa watu wa mto, ambaye amewahesabu samaki hawa kwa miaka ishirini na sita, aliniletea taarifa kwamba mwaka jana majike thelathini na mmoja walipanda, na ishirini na saba wakafa kabla ya kutaga. (Sauti ya Bi. Rowena: "Waliotaga ni wanne tu, Kamishna. Mwaka huu wakifa tena, kijito hiki hakina samaki.") Ahsante, mama. Hoja hiyo nimeipokea, na nitaiundia kikosi kazi. (Bi. Rowena anaondoka mahali pake na kuteremka kuelekea kijitoni.)

Ndipo ofisi yangu, kwa maono ambayo sipendi kusema ni ya nani, ingawa ni yangu, ikabuni Mkakati Unganishi wa Usimamizi Endelevu wa Matone, ambao kwa lugha ya mtaani ni bustani ya mvua. Kitaalamu ni jambo zito, lakini nitawarahisishia: unachimba shimo pana, unalijaza mchanga na mboji, unapanda mikangaga na mierebi, maji machafu ya barabarani yanaingia juu, yanachujwa, na kule chini yanatoka maji ambayo samoni anaogelea bila hata kupiga chafya. (Sauti kutoka nyuma: "Mji wa jirani walilichimba kwa wikiendi mbili.") Mji wa jirani walikurupuka, bwana. Sisi tulifuata taratibu. Tumefanya mikutano arobaini na saba, semina tisa, na ziara moja ya mafunzo kule Hawaii, ambako mimi binafsi nilikaa siku kumi na moja nikiisoma mvua. (Guno.) Na ninayo furaha kuwatangazia kwamba maandalizi ya upembuzi yakinifu wa awamu tangulizi yamefikia asilimia mia moja na kumi na nne, ikiwa ni ongezeko la asilimia kumi na nne juu ya yote yanayowezekana. (Makofi ya Bi. Gudrun.)

Nisisahau: baada ya hapa kutakuwa na chakula, samoni wa kuokwa juu ya ubao wa mwerezi. (Sauti: "Wa mtoni au wa kufugwa?") Wa kufugwa, ndugu yangu, maana hawa wa mtoni tunawalinda. (Zogo, maana hapa kwetu kumwandalia mtu samoni wa kufugwa ni kumtukana. Mtu mmoja anatema mate. Mwenyekiti anaomba utulivu, kisha naye anauliza kama ni kweli.)

Sasa nikirejea ukurasa wa kumi na nane, kifungu cha tathmini ya vihatarishi vya kimazingira...

(Bi. Rowena anarudi, amebeba samoni jike kwa mikono miwili. Anamlaza mezani, juu ya hotuba. Tumbo la samaki limejaa. Anasema bila kupaza sauti: "Huyu ndiye wa kwanza mwaka huu. Amekufa sasa hivi, chini ya bomba linalotoka hapa uliposimama. Unazindua nini, Verlyn? Bustani iko wapi?")

Tumeshuhudia, ndugu zangu, ushiriki wa jamii kwa vitendo. Naona wino umechuruzika na kurasa zimegandana, hivyo zilizobaki nitazisema kutoka moyoni, jambo ambalo washauri wangu hunikataza. Kwanza tupashane moto. Nikisema "Samoni", mseme "Salama". Samoni! (Kimya.) Lami kidogo! (Kimya.) Kijito kwanza! (Bi. Gudrun anainua mikono, anamtazama samaki, anaishusha.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mhandisi aliyeichora bustani; mchoro umetoka vizuri mno, na umetundikwa ofisini kwangu. Namshukuru mgeni rasmi, anayekuja kuzindua bila maswali. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wetu wa lami, Bw. Arlo Huckaby. Wiki mbili zilizopita tulibaini kwamba wageni wa uzinduzi huu hawana mahali pa kuegesha magari, na kwamba uwanja pekee ulio tambarare kando ya kijito ni huu uliotengwa kwa ajili ya bustani yenyewe. Bw. Huckaby na vijana wake hawakuuliza mara mbili. Wakaumwagia lami wote, mpaka ukingoni, ili shughuli isikwame. Ndipo mliposimama. Ndipo yalipo magari yenu, mia mbili na arobaini, na ahsanteni sana kwa kuja kwa wingi.

(Hakuna makofi. Watu wanatazama chini, maji yanapita kati ya viatu vyao kuelekea tunduni. Wanayaendea magari, lakini hakuna anayethubutu kuwasha. Bi. Rowena anasema, "Nyuma ya huyu wapo wengine, nimewaona kwenye kina cha maji chini ya daraja, wanasubiri maji yajae." Bw. Huckaby anafungua gari lake, anatoa sururu, anasimama nayo kitambo, kisha anaanza kuifumua lami yake mwenyewe. Kamishna anauliza kama ana kibali. Kumbukumbu zinaishia hapa. Karani amekwenda kutafuta sepetu.)