Waya wa Kijani na Watu wa Posa

Wanangu, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Naandika kwa kidole kimoja.

Mwajua kwetu Kibokoni umeme ni wa jua mtupu, ule mwanangu Swaleh alioutia darini. Fundi wake ni Karisa wa mzee Nyevu, kijana mwenye adabu. Siku ile alipigilia fimbo ya shaba ardhini pale uani, akaifungia waya wa kijani utokao kwenye mitambo. Akaniambia, "Bibi, huu ndio mlinzi wa nyumba. Umeme ukipotea njia, washukia ardhini, haumdhuru mtu. Wataka udongo mbichi tu." Nikasikia. (Nusu.)

Leo mjukuu wangu Maryamu alikuwa ajiwa kuangaliwa na watu wa posa: mamake kijana anayemposa, Bi Zuhura binti Salim wa Kuze, na dadake huyo mama, Bi Khadija. Asubuhi nikautazama ua. Waya umelala katikati kama nyoka, pale pale pa kutandika mkeka! Nikachukua kisu cha mkate, nikalegeza skrubu, nikauvuta waya hadi pembeni, ncha nikaichomeka kwenye ndoo ya rangi niliyopandia asumini. Nikamimina kopo zima la maji. Udongo mbichi si huo? (Nikajisifu, Mungu anisamehe.) Kisha nikadeki ua wote.

Wageni wakaja baada ya chakula cha mchana. Maneno matamu, vicheko. Bi Zuhura akaenda kutia udhu, akarudi miguu mitupu, yatona maji, akajishikiza kwenye friji langu la mlangoni mwa jiko.

"Yallah! Limeniuma!"

Bi Khadija akamcheka. "Uzee huo, dada." Akaenda yeye, akaweka kiganja. Akaruka! Mtandio huku, yeye kule.

Maryamu kasimama na sinia ya mahamri, macho yamemtoka.

"Bi Mwanaisha," Bi Khadija akaniuliza polepole, "nyumba hii ina wenyewe?" (Yaani majini.)

Nami, badala ya kufunga kinywa, nikasema, "Ni jicho la watu tu." Nikatia ubani chetezoni, nikalifukiza friji pande zote. Bi Khadija akalijaribu kwa ncha ya kidole. Friji halikujali ubani.

"Zuhura, vaa buibui. Mwanetu haoi nyumba ya majini."

Maryamu machozi yakamlenga. Kumbe alikwisha kumpigia simu Karisa, na Karisa alikuwa hapo Marikiti tu.

"Hodi! Mjisitiri, ni Karisa!"

Akaingia na bisibisi yake ya kupimia, akaligusa friji. Bisibisi ikawaka taa. "Waya wa ardhi haushiki. Nani ameugusa?"

"Labda paka," nikasema. (Paka mwenye bisibisi!)

Akaanza kuufuata waya kwa kidole. Ukutani. Mlango wa jiko. Pipa la maji. Sote twamfuata kama maiti yuko mbele. Nikaomba ukuta unimeze. Nikageuka, nikamwona Bi Khadija amekwisha vaa buibui, mguu mmoja ushaingia kiatuni. Nikijisitiri mimi, Maryamu ameachwa leo hii, kisa majini.

"Nyumba hii haina majini!" nikapiga kelele. "Ina mimi! Waya nimeupanda mimi!"

Karisa akainyanyua ile ndoo mbele ya kila mtu, waya waning'inia.

"Bibi. Umeupanda waya wa ardhi ndani ya plastiki?"

"Udongo ni udongo."

"Na ndoo iko juu ya simiti! Umeme ushukie wapi, kwenye maua?"

Bi Zuhura alicheka hadi akakaa chini. Bi Khadija hakucheka. Alisimama kama askari mpaka Karisa alipozima mitambo, akaurudisha waya kwenye fimbo yake, akawasha, akapima. Kisha Bi Khadija akaliendea friji mwenyewe, bismillahi tatu, akaweka kiganja. Akakiacha hapo.

Akavua buibui.

"Maryamu tumemridhia," akasema. "Lakini wewe, Bi Mwanaisha, ukija kwetu uje kama mgeni. Ukae, ule, usipange kitu."

Nimekubali. Ningefanyaje? Nanyi mkitaka kucheka, chekeni majumbani mwenu. Barazani kwangu msije.