Waheshimiwa Arobaini na Mmoja Bwenini Mwangu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Bweni ya Wasichana.

Kwa Katibu Mkuu wa Chama Tawala.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA WAHESHIMIWA 41 KATIKA BWENI LA DARASA LA MWISHO

Ndugu Katibu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na Chama kikiwa bado kimoja, au basi angalau viwili tu. Najua kwamba wewe ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na kwamba siku ya harusi yangu ulikula sahani tatu. Lakini leo nakuandikia kama Mwalimu Mkuu, kwa hiyo ushemeji tuufungie kabatini mpaka mwisho wa barua.

Nianze na yaliyotokea, maana nasikia hata mafaili yenu siku hizi yana pande mbili. Chama kilipopasuka bungeni, huku Mwenyekiti na kule Makamu wake, na kura ya kutokuwa na imani ikaanza kunukia, mliamua kuwaficha wabunge wa upande wenu mahali ambapo wale wa pili hawatawafikia kuwarubuni. Mkachagua shule yangu kwa sababu iko juu mlimani, ina lango moja na simu hazishiki. Ulikuja mwenyewe ofisini, ukaketi kwenye kiti wanachokalia wazazi wa watoto watukutu, ukaniambia, "Shemeji, ni wageni wa siku mbili tu, hata shuka hazitachafuka." Nikakubali, mjinga mimi. Leo ni siku ya kumi na tisa. Mtihani wa mwisho wa wasichana wangu mia moja na kumi na wawili unaanza baada ya siku tisa. Shuka, kwa taarifa yako, zimeshachafuka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi huwafuata wahenga. Siku ya tatu niliwapa wageni wako mafyekeo ishirini, wafyeke nyasi za uwanjani kama afanyavyo kila anayelala bwenini kwangu. Waliyapokea kwa heshima kubwa, wakapiga makofi, wakaunda Kamati ya Nyasi. Kamati ikagombana kuhusu nani awe mwenyekiti, ikazaa kamati ndogo ya usuluhishi, na hiyo ndogo ikapendekeza ziara ya mafunzo kwenye shule nyingine yenye nyasi. Bahati nzuri mlinzi wenu wa langoni alikataa kuwafungulia. Tangu utoto nimeambiwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hapa kwetu tembo wanapigana kutwa na nyasi zimenawiri mpaka magotini. Hongereni, hata methali mmeishinda.

2. Kuhusu vitanda. Bweni langu lina vitanda vya ghorofa, na kila mheshimiwa alitaka cha chini, kwa sababu za kiafya na za kitumbo. Nikawashauri wachague kiranja wa kuwagawia, jambo ambalo wasichana hulimaliza kwa dakika kumi kila muhula. Wao iliwachukua siku mbili. Wakamchagua mkongwe wao, ambaye wasichana wamempa jina la Jenereta, na ukimsikia amelala baada ya chakula cha mchana hutauliza kwa nini. Kesho yake Walalao Juu walisoma tamko kwamba kiranja anawapendelea Walalao Chini na uchaguzi wake ni batili. Sasa bweni lina viranja wawili na orodha mbili za zamu ya kufagia, na hakuna anayefagia. Yupo mmoja anaitwa Godoro, kwa kuwa wiki hii amehama mara nne, kutoka chini kwenda juu na kurudi, godoro kichwani, na kila akihama anasema ni dhamira yake imemtuma. Dhamira gani hiyo isiyopumzika, sijui.

Wenye bweni lao wanalala maabara, katikati ya meza za kemia. Waheshimiwa wanawake, ambao wako sita, wamepewa chumba cha wagonjwa, na siku hizi mwanafunzi akiumwa tumbo inabidi aombe miadi.

3. Kuhusu idadi. Kila jioni kengele ikilia nawapanga mstari na kuwaita majina, maana ndivyo tunavyofanya kwa watu wote walio chini ya uangalizi wetu. Jumatatu walikuwa arobaini na watatu. Nikahesabu upya, nikidhani macho yananidanganya. Kumbe wawili wa upande wa Makamu walipenya kwenye ua, wakidai wameguswa na itikadi yenu. Mpishi wangu, ambaye hana chama, anasema kilichowagusa ni maharage, kwa sababu huko walikofichwa wanakula biskuti. Jumatano wakawa thelathini na tisa. Nilimwuliza mlinzi vipi amelinda lango huku uzio una tundu la kupita ng'ombe. Akanijibu bila hata kuona haya, "Mwalimu, tundu ni moja, lakini linatumiwa na pande zote." Nimeagiza lizibwe. Kamati ya Uzio inakutana kesho.

4. Kuhusu tabia. Shemeji (samahani, Ndugu Katibu Mkuu), mimi nimefundisha miaka ishirini na sita na nilidhani nimeona kila aina ya utundu. Wiki iliyopita kidato cha pili kilisusia jaribio la hesabu, kikatoka nje kwa mstari, kikamteua msemaji. Kidato cha tatu kilimpindua kiranja wake saa nne, kikamrudisha saa sita, na kufikia saa nane kilikuwa na serikali ya mseto. Nilipouliza nani amechukua boksi la chaki, nilipewa majibu matatu: la walio wengi, la walio wachache, na la binti mmoja aliyesema atanijibu baada ya kushauriana na waliomchagua. Nilipotaka kumwadhibu, akaniomba kwanza niunde tume huru. Mtoto wa miaka kumi na minne! Mama yake ni mshonaji, mtu wa heshima zake. Hakuyatoa nyumbani hayo.

5. Kuhusu ukumbi. Hapa sasa sicheki, na wewe usicheke.

Ukumbi ule ndio pekee unaotosha madawati mia moja na kumi na mawili kwa nafasi inayotakiwa. Ilibidi niwe nimeshayapanga tangu juzi. Wageni wako wanakutana humo tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni, na kwa siku kumi na moja mfululizo ajenda ya kwanza ni nani akalie kiti cha mbele. Bado hawajafika ajenda ya pili. Huko nje nchi haina bajeti, Bunge halijakaa miezi minne, walimu watatu niliopangiwa tangu mwaka jana hawajaletwa kwa sababu wa kutia sahihi alifukuzwa, na aliyemfuata amejiuzulu. Sisi wananchi tumekaa tunawaangalia kama watoto ambao baba na mama wanagombana mezani na chakula kinapoa.

Ninaye msichana mmoja, binti wa fundi viatu. Mwaka jana alikosa alama mbili, akarudia. Anataka kuwa muuguzi. Anasoma amesimama koridoni, daftari ameliegemeza kwenye dirisha la ukumbi, huku ndani wanapigana vikumbo. Juzi aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, hivi wao wakifeli huwa wanarudia mwaka?" Niliingia ofisini nikafunga mlango, na nikwambie ukweli, nililia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa upole wangu unavyopungua.

Kwanza, waondoeni wageni wenu kabla ya Ijumaa. Hilo likishindikana, basi nao wasajiliwe kama watahiniwa. Madawati nitaazima. Wafanye hesabu, historia na uraia, bila kunong'ona, bila kuhama dawati, na Jenereta akae peke yake nyuma. Atakayefaulu arudi bungeni na cheti chake. Atakayefeli abaki kwangu arudie, nitamlea kama wengine. Na kama hilo nalo Chama kinaliona gumu, basi pendekezo langu la mwisho ni hili: wabadilishane. Wageni wabaki hapa na wasichana wangu wa darasa la mwisho waje wawakalie bungeni kwa hizi siku tisa. Ni watu mia moja na kumi na wawili wanaotumia kioo kimoja na pasi moja, na tangu wajiunge na shule hii hawajawahi kugawanyika hata siku moja. Wanajua kupanga foleni. Wanajua kunyoosha mkono kabla ya kusema. Bajeti watakuwa wameipitisha kufikia mapumziko ya saa nne, na ukumbi wataufagia kabla hawajatoka.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Tafadhali litoke upande mmoja tu.

Sasa naufungua ushemeji kutoka kabatini. Msalimie mkeo, mwambie kitambaa chake nimekiona na rangi imenipendeza. Wasalimie watoto, na Mama, mwambie mguu aendelee kuukanda. Msalimie dereva wako na karani wako. Msalimie Mwenyekiti, na ukikutana na Makamu kwa bahati mbaya, naye pia.

Wako katika kazi, na kwa shingo upande katika ukoo,

Mwalimu Mkuu.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshailamba bahasha ndipo wasichana wa darasa la mwisho walipogonga mlango. Walikuja wote, wakajaa koridoni. Wamesikia nakuandikia, na wamemtuma binti wa fundi viatu aniombe nisiitume barua hii.

Amenikumbusha jambo ambalo sikuliandika, kwa kuwa si lalamiko. Bomba letu lilikauka miaka sita iliyopita. Nimeandika barua kumi na nne, na kila mara nimejibiwa kwamba suala letu linashughulikiwa. Wasichana walikuwa wakishuka bondeni na ndoo kila asubuhi, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, mwaka mzima wa mtihani. Siku ya nne ya wageni wako, Jenereta alitaka kuoga. Kabla ya adhuhuri lilikuja lori la mabomba na pampu, mafundi tisa na mhandisi mwenye kofia. Tangu siku hiyo maji yanatoka, na zile saa mbili watoto wanasoma. Mafundi wametuambia wazi kwamba wageni wakiondoka, na pampu inaondoka.

"Mwalimu," ameniambia, "mtihani tutaufanyia hata koridoni. Wewe waache tu wagombane."

Basi, shemeji, yote niliyoandika hapo juu yahesabu kuwa hayakuandikwa. Nimesoma gazetini kwamba wazee wa Chama wanajaribu kuwapatanisha. Waambie kwa heshima zote wasiwe na haraka. Mtihani unaisha tarehe 28. Ikibidi mpatane, mpatane tarehe 29, baada ya chai. Na Mwalimu Mkuu wa shule ya wavulana ya ng'ambo ya bonde, ambao nao wanabeba ndoo, ameniomba nikuulize kama Chama kina mpasuko mwingine, hata mdogo, wa watu kumi tu, ilimradi wawe wanaoga.