Damu ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 8 Juni
Nimechoka. Nimekunja shuka moja nikakaa kama niliyelima shamba zima. Lakini Jumamosi binti yangu anavaa joho. Mhandisi! Mimi niliishia shule ya msingi, na niliyemzaa atajenga madaraja. Nimeshamwambia mwenye duka, mwenye nyumba, na mtu aliyepiga simu kwa makosa.

Tatizo ni kesho. Kipimo. Mwaka jana, nilipowekewa moyo wa marehemu nisiyemjua, walikuwa wakipitisha waya shingoni na kuchuna kinyama cha moyo, waone kama mwili unaukataa. Siku hizi wanachukua damu tu. Majibu yakiwa mabaya, nalazwa. Na kwa uchovu huu, najijua. Jumamosi silali hospitali.

Jumanne, 9
Nimemtuma mdogo wangu. Tumefanana kama pacha, na yeye ni mzima kama kigogo. Nimempa kadi yangu na kitambaa changu cha kichwa. Kanung'unika kwamba dada, utajiua. Nikamwambia anyamaze, mkubwa ni mimi.

Karudi na pamba mkononi. Mchukua damu hata usoni hakumtazama. Ila mama wa kofia nyekundu, mgonjwa mwenzangu anayejigamba kwa majibu safi kana kwamba kayapika mwenyewe, kamwambia amenawiri. Nimefurahi. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 11
Simu. Daktari mwenyewe. Anasema majibu yangu ni mazuri mno. Nikamshukuru Mungu. Akasema ngoja kwanza, mama. Eti moyo wa kupewa haukosi kudondosha chembechembe zake kwenye damu, na mwili ukianza kuukataa, zinazidi. Kwangu haipo hata moja. Kwa damu hii, mama, hujawahi kupandikizwa moyo. Kisha akauliza, kwa upole unaoudhi, kama nina ndugu wa kike.

Ijumaa, 12
Wamechukua damu yangu halisi. Na waya juu yake, maana hawaniamini tena. Mwili umeanza kuukataa moyo, kidogo. Wamenitundikia dripu, siondoki hadi Jumatatu. Daktari kaongeza chumvi kwenye kidonda: ningekuja mwenyewe Jumanne, angeniongezea vidonge tu nikarudi nyumbani.

Mdogo wangu hakusema si nilikwambia. Alikaa akimenya chungwa. Afadhali angesema.

Jumamosi, 13
Mahafali yamepita nikitazama dari. Jioni binti kaingia wodini na joho lake. Nikaanza kumtambulisha, kitanda hadi kitanda. Hakucheka. Alinivika kofia yake, akaweka kiganja kifuani pangu, akasikiliza kwa mkono. Akasema mama, joho naweza kuliazima hata kesho. Wewe nitakuazima wapi?

Nikamwambia asimame wima, wa kitanda cha dirishani hajamwona vizuri.

Jumapili, 14
Nimewaapia binti na mdogo wangu kwamba simtumi tena mdogo wangu. Na kiapo changu ni kiapo.

Nimewaza sana humu kitandani. Kosa langu lilikuwa kumtuma mtu mwenye moyo wake wa kuzaliwa. Kipimo kijacho kimeangukia siku binti anaanza kazi, na mhandisi hasindikizwi na hewa. Leo mama wa kofia nyekundu kapita kumwona mgonjwa wa dirishani. Moyo wa kupewa, majibu safi, umbo kama langu. Kwa mara ya kwanza nimeisifu kofia yake.