Harusi ya Theluji ya Sabuni

Jumatano, 19 Februari

Tumefika Florida. Joto. Watu wanavaa kaptula mwezi wa pili bila haya hata kidogo.

Nyumbani Minnesota tumeacha theluji ya kiunoni. Theluji halali, iliyoshushwa na Mungu mwenyewe. Nami nimepanda ndege kuja kumwona mwanangu wa pekee akifunga ndoa kwenye bustani ya michezo iitwayo Ufalme wa Theluji, ambako theluji ni povu la sabuni linalopulizwa na feni. Mimi, Verlyn Sandvik, niliyeuza mashine za kuondoa theluji tangu ujana hadi nikastaafu. Sijui nimemkosea nani.

Atakayefungisha ndoa ni Mfalme wa Barafu. Ni mfanyakazi wa bustani mwenye ndevu za pamba. Ana kibali cha serikali, nimehakikisha. Atakayeleta pete ni pengwini, naye ni mfanyakazi ndani ya vazi.

Nilimwambia Soren tangu mwaka jana kwamba kanisa letu bado lipo, lina paa, na lina kinanda. Akanijibu kwa ule upole aliourithi kwa mama yake kwamba yeye na Yaritza walikutana kwenye foleni ya bustani hii, na hapa ndipo wanapotaka kuoana. Nikasema sawa. Dada yangu Ardis aliposikia nimesema sawa, akaniuliza papo hapo ninapanga nini. Mwanamke ana shaka sana huyu. Leo kwenye ndege kakaa nyuma yangu makusudi, anichunge.

Kanichunga mimi tu. Hakugeuka kutazama kiti cha mwisho karibu na choo, alikokaa Mchungaji Odegaard amevaa miwani ya jua.

Alhamisi, 20 Februari

Mambo yanakwenda vizuri mno.

Mchungaji Odegaard amestaafu, hana mke, magoti yanamsumbua, na hajawahi kukataa safari ya kulipiwa. Nimemwambia maharusi wanamsihi awafungishe ndoa ya Kikristo kwa siri, kabla ya mchezo wa kuigiza wa Jumamosi. Maharusi nitawaambia amekuja kuota jua kwa ajili ya magoti. Uongo mdogo ukianza pande mbili, hukutana katikati ukawa ukweli. Hivyo ndivyo nilivyouza mashine.

Chakula cha jioni tumekula kwa bibi yake Yaritza, Bibi Iraida, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Watu wa Puerto Rico. Nyama ya nguruwe, wali wa mbaazi, na kelele. Bibi ana umri wa miaka themanini na kitu, anafika kwenye kiwiko changu, na ananiita kijana. Aliponiona tu aliuliza kama naumwa. Nikamjibu kuwa hii ndiyo rangi yangu. Akanihurumia, akaniongezea sahani.

Ardis alikuwa ameleta chapati zetu za viazi, kazibeba mapajani safari nzima. Bibi Iraida alionja moja, akaisifu sana, kisha akauliza chakula chenyewe kiko wapi.

Baadaye tukacheza domino. Raundi ya kwanza nilimwachia ashinde, kwa heshima ya umri. Ya pili pia. Ya tatu sikumwachia, akashinda vilevile. Nina wasiwasi na mwanamke huyu.

Ijumaa, 21 Februari, asubuhi

Leo ni siku ya familia. Kesho harusi. Yaritza katugawia fulana za rangi ya samawati, zote sare, zenye maandishi mgongoni. Yangu inasema *Baba wa Bwana Harusi*. Ya Ardis inasema *Shangazi*. Ya Bibi Iraida inasema *Malkia*. Nimeuliza nani kampa cheo hicho.

Mpango ni huu. Kuna gurudumu kubwa hapa, lenye vibanda vya vioo vinavyopanda juu kabisa kisha kushuka. Mchungaji anatangulia kukaa kibandani. Soren na Yaritza wanaingia. Mlango unafungwa. Gurudumu likifika kileleni, linasimama kidogo. Mchungaji anafungua kitabu. Watakimbilia wapi? Ndoa ya kweli, tena karibu na mbingu kuliko usharika wowote wa Minnesota.

Nimeshaongea na mwendeshaji wa gurudumu, bwana mmoja mnene mwenye moyo laini. Nimemwambia ni kwa ajili ya mapenzi. Amekubali kulisimamisha.

Mchungaji kaniuliza kama mahali penyewe ni patulivu. Patulivu sana, nikasema. Pana hewa? Nikamwambia hewa hatakosa.

Mchana

Nimekaa chini ya mwavuli. Ardis ananipepea kwa ramani ya bustani. Naandika kwa shida.

Kuna treni ya kuporomoka hapa. Inapanda polepole kama yenye huruma, halafu inakutupa. Bibi Iraida kaipanda tangu milango ilipofunguliwa, anashuka na kurudi foleni. Mimi nilikuwa natunza nguvu zangu kwa kazi ya alasiri. Akaja akaniambia, mbele ya wakwe wote, kwamba haidhuru, wanaume wa umri fulani ni vizuri wabaki wakishika mikoba ya wanawake.

Nikapanda.

Kofia imepotea. Kifungua kinywa pia. Kuna picha. Wanaipiga pale pale unapoanza kuporomoka, kisha wanaionyesha ukutani wote waone. Katika picha Bibi Iraida kainua mikono juu, anacheka. Mimi nimemshika mkono. Yaritza kaninunulia nakala.

Kisha tukamkuta Mchungaji Odegaard kwenye foleni ya aiskrimu, kwa bahati kabisa. Nilishangaa vizuri sana. Nilipiga hata hatua nyuma. Soren kamkumbatia, maana ndiye aliyembatiza. Ardis alinipigia makofi polepole.

Jioni

Naandika hotelini. Nimeoga. Ni lazima nieleze kwa utaratibu, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na habari yake.

Nilimwingiza Mchungaji kibandani mwenyewe, nimemshika mkono. Akauliza kwa nini chumba kinaning'inia. Nikamwambia atazame kitabu chake. Nikawaita maharusi. Soren akalitazama gurudumu, akamtazama Mchungaji, akanitazama mimi. Halafu akasema bibi kawasumbua tangu asubuhi anataka kupanda gurudumu hili pamoja nao, basi ni adabu wazee watangulie, wao watafuata kibanda cha nyuma. Nikapinga. Nikasema hili ni la vijana. Lakini Bibi Iraida alishaingia na mkoba wake mkubwa, na mkono wa Soren ulishafika mgongoni kwangu, kwenye neno *Baba*. Nikasukumwa ndani kwa upole. Mlango ukafungwa. Papo hapo mwendeshaji akaanza kuwazuia walio nyuma, maana alijua nani anapaswa kusimamishwa juu: yule aliye na Mchungaji. Akaninyanyulia kidole gumba. Mwaminifu sana yule bwana.

Tukapanda. Mchungaji akafumba macho. Anaogopa kimo, kumbe. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza. Kileleni tukasimama, kama tulivyopatana. Tulipopatana tulisahau jambo moja, nalo ni kuondoka. Mashine iligoma kuwaka tena.

Mchungaji akakamata fimbo iliyo kando ya mlango kwa mikono yote miwili. Ili asizimie, akaanza kukariri kitu pekee anachokijua kwa moyo. Ibada ya ndoa. Wapendwa, tumekusanyika mbele za Mungu. Alipofika kwenye kumuuliza mwanamke kama anamkubali mwanamume huyu, Bibi Iraida akasema kwanza ayaone meno ya mwanamume mwenyewe.

Kisha akageuka kwangu, akauliza mchungaji anayeota jua ana kazi gani na kitabu cha ndoa. Nimewajibu wateja wakali maisha yangu yote. Huyu nikamweleza kila kitu.

Nilitegemea matusi. Akacheka mpaka kibanda kikayumba na Mchungaji akaanza upya kutoka "Wapendwa". Akafungua mkoba, akatoa chupa ya maji ya baraka kutoka parokia yake. Paroko wake alikataa katakata kukanyaga kwenye sabuni ile, kwa hiyo bibi alikusudia kuwanyunyizia maharusi mwenyewe, juu huku, wasipoweza kukimbia. Mpango wangu! Kauiba kabla sijaufikiria.

Tukabishana kidogo kanisa lipi lina haki zaidi. Akasema lake lina Baba Mtakatifu. Nikasema letu lina maegesho. Chini watu walikuwa wadogo wadogo, fulana za samawati zimekusanyika pamoja.

Ndipo akaniuliza, wala hakuwa anatania, "Kijana, wewe unalilia kanisa, au unamlilia mkeo?"

Sijui kwa nini nilijibu. Labda ni kimo.

"Marlys alipiga kinanda pale mpaka mikono ikamkatalia," nikasema. "Kila benchi lina yeye. Soren akioa mahali ambapo mama yake hajawahi kukanyaga, yeye atakuwa wapi siku hiyo? Atakaa wapi?"

Bibi alikuwa anafunga na kufungua kile kifuniko cha chupa.

"Na binti yangu pia hajafika hapa," akasema mwishowe. "Yaritza anavaa pua ya mama yake. Kesho nitamwangalia hiyo pua, basi. Wewe mtazame mwanao. Si ana masikio ya mama yake? Maana hayo si yako, namshukuru Mungu."

Halafu akanirushia maji ya baraka usoni, kwa tahadhari, kwa sababu mimi ni Mlutheri.

Hapo sauti ya Soren ikatoka darini. Ikasema, taratibu, "Baba. Bibi. Mchungaji akiweza kuachia hicho kitufe, tafadhali. Tunawasikia."

Chini ya ile fimbo kuna kitufe cha kumwita mwendeshaji. Mchungaji alikikaba tangu aliposhika fimbo. Na kipaza sauti cha mwendeshaji kinaelekea foleni.

Foleni nzima. Watoto. Pengwini.

Mafundi walipotushusha, watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja nisiyemjua alimwuliza Bibi Iraida kama meno yamemridhisha. Mchungaji alishuka akiwa ameinama, akaenda kukumbatia mti. Yaritza alikuwa analia na kucheka, hakujua aanze na lipi, akamshika bibi yake usoni kwa mikono miwili.

Soren akanichukua kando, nyuma ya kibanda cha bisi. Nilijiandaa kujitetea. Nilikuwa na hoja kadhaa nzuri.

"Mwaka mzima umeniambia kanisa lina paa," akasema. "Paa, Baba! Hujataja jina la mama hata mara moja."

Nikamtazama masikio. Ni kweli, ni ya Marlys, hata lile la kushoto lililosimama zaidi.

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nilikula asubuhi lakini haikuhesabika. Tukanunua bisi, tukala tumesimama. Ardis alituona kwa mbali akawazuia wengine wasije. Dada yangu ana mazuri yake, ingawa ni machache.

Jumamosi, 22 Februari

Wameoana.

Kasri la plastiki. Povu likianguka. Mfalme wa Barafu alisoma maneno yake vizuri kiasi, ingawa ndevu zilimteleza kwenye neno "milele". Pengwini alileta pete, akateleza, akainuliwa. Kisha Mfalme akasogea pembeni, kama alivyoombwa na Soren jana, akampisha Mchungaji Odegaard, aliyesimama ardhini kwa furaha kubwa. Mchungaji akawaombea, na katika maombi akawataja Marlys na mama yake Yaritza kwa majina. Mfalme wa Barafu ndiye aliyemshikia kitabu. Bibi Iraida akanyunyiza maji yake. Hakuna aliyeweza kujua tena yapi ni ya baraka na lipi ni povu.

Macho yangu yalitoa maji. Sabuni ya hapa ni kali sana. Ardis alinipa kitambaa bila kugeuka.

Kwenye karamu nilimwomba Bibi Iraida tucheze densi. Akanikanyaga mara nyingi, akanilaumu mimi.

Jumapili, 23 Februari

Uwanja wa ndege. Tunasubiri. Mchungaji kaomba kiti cha katikati, mbali na dirisha.

Nimetafakari wiki hii kwa unyenyekevu, na naona wazi kwamba mpango wangu umefaulu. Nilitaka mchungaji, mchungaji alikuwepo. Nilitaka Marlys atajwe, akatajwa. Wengine wanaweza kusema ningeweza tu kuomba. Ardis amesema hivyo, tangu hotelini mpaka hapa. Lakini kama ningeomba, ningepanda gurudumu? Nisingepanda. Basi.

Wakati wa kuagana Soren alinishika mabega, akanifanya niahidi kwamba kuanzia sasa nikitaka jambo nitamwambia yeye kwanza, uso kwa uso. Nikaahidi. Nilimaanisha kabisa.

Ila pale pale Bibi Iraida akapita, akamnong'oneza Yaritza kitu juu ya paroko wake na gauni la ubatizo la ukoo, lililohifadhiwa kabatini kwa siku watakapojaliwa mtoto. Nilisikia vizuri. Paroko ambaye hakutaka hata kukanyaga sabuni!

Nimemwambia Ardis naenda kutafuta kahawa. Nimesimama nyuma ya nguzo, nimempigia karani wa usharika wetu, nikamwomba aniwekee Jumapili ya ubatizo, yoyote ya kiangazi, kabla wengine hawajawahi. Akafurahi sana kwa ajili yangu. Akauliza mtoto ni wa kiume au wa kike. Nikamwambia familia bado haijatangaza.

Akauliza ana umri gani.

Nikasema bado mdogo sana.